Kulala ndani ya trela ya turubai kwenye baridi ya Colorado

Nimerudi. Wale walioniandikia kuuliza kama nimefunga duka, jibu ni hapana. Kazi tu ilinimeza. Leo sitaki kuzungumzia hifadhidata wala simu mpya. Nataka kuwasimulia habari ya baridi, trela moja kuukuu na betri iliyoniaibisha mbele ya shemeji yangu. Ni kisa cha Oktoba 2018, na kila nikiona programu inayojaribu jambo lile lile mara elfu bila kufaulu, hunirudia. Kwa hivyo afadhali nikiandike.

Mwaka huo nilikuwa na kandarasi ya miezi mitatu Denver, Marekani, nikikaa kwa dada yangu mjini Aurora, pale kando. Shemeji alikuwa amenunua trela ya kukunja kutoka kwa mzee mmoja aliyechoka kusafiri. Kwa wale hawajawahi kuiona, hebu waza sanduku kubwa la bapa lenye magurudumu mawili, linalovutwa na gari la kawaida. Ukifika unazungusha mpini, paa linapanda. Kisha unavuta vitanda viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, vinatoka na kubaki vimening'inia nje hewani. Kati ya paa na sanduku hakuna ukuta, kuna turubai tu, na madirisha ni plastiki laini. Ndani mna jiko la gesi, sinki, meza, na hita ndogo. Ni hema lililopewa magurudumu na stima kidogo.

Aliponiambia twende tukalale milimani katikati ya Oktoba, nilicheka. Mimi nimezaliwa Kinangop. Siku nyingine kule unaamka unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na viazi vya watu vimeungua kwa baridi. Nikamwambia, "Shemeji, baridi unamhadithia mtu wa Kinangop?" Yeye ni mtu wa Kisumu, alinitazama tu akanyamaza.

Tulienda kambi ya Moraine Park, ndani ya hifadhi ya Rocky Mountain, karibu na mji wa Estes Park. Ni kimo cha karibu mita 2,500 juu ya bahari, yaani kimo cha kwetu kabisa. Hapo ndipo nilipojidanganya. Kinangop iko karibu na ikweta. Moraine Park iko nyuzi 40 kaskazini, na Oktoba jua linashuka nyuma ya mlima mapema na kuondoka na kila kitu. Msimu huo elk, wale paa wakubwa wa huko, hujaa bondeni na madume hulia usiku kwa sauti kama filimbi iliyopasuka. Mpwa wangu, aliyekuwa na miaka sita, alipenda sana sauti hiyo. Mpaka saa nne usiku bado alikuwa akiniuliza, "Anko, huyo sasa anasema nini?"

Mahali tulipoegesha hapakuwa na stima. Kila kitu kilitegemea betri moja ya asidi, ya ampea-saa 80, na mtungi mmoja wa propani wa kilo 9. Nami, kama mtu wa hesabu, nilikuwa nimepiga hesabu kabla ya safari. Kilo 9 za propani zina nishati ya takriban kilowati-saa 125. Hita ilikuwa ya BTU 16,000 kwa saa, yaani karibu kilowati 4.7. Ukigawa, hata ikiwaka bila kupumzika itakula mtungi kwa saa 26 hivi. Nasi tulikuwa na usiku mbili. Nikamwambia Shemeji tuko sawa kabisa.

Nilichosahau ni feni. Hita ya namna hii haipulizi joto yenyewe. Kuna feni inayosukuma hewa, na feni hiyo inakula karibu ampea 3 na nusu kutoka kwenye betri. Sasa tupige hesabu ambayo nilipaswa kupiga mwanzoni. Betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, usije ukaiua. Kwa hivyo ampea-saa 80 kwa kweli ni 40. Baridi nayo inaipunguzia nguvu, na hii ilikuwa betri ya zamani. Taa zilikuwa zile balbu za kizamani zinazokula ampea moja na nusu kila moja, na kuanzia saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumewasha tatu. Mpwa wangu alikuwa akichaji kishikwambi chake. Turubai nalo halishiki joto hata kidogo, kwa hivyo hita haikuwa ikiwaka na kupumzika, ilikuwa ikiwaka tu. Gesi tulikuwa nayo tele. Tulikosa stima ya kuisukuma.

Mnamo saa saba za usiku kitu kikaanza kulia. Pi. Kimya cha kama nusu dakika. Pi. Kilikuwa king'ora cha kaboni monoksaidi kilichokuwa ukutani, karibu na sakafu, kimeunganishwa kwenye betri hiyo hiyo ya trela. Dada yangu akaguna. Shemeji, ambaye ndiye aliyeendesha gari na kuinua paa na kuchota maji, akaamka, akapapasa, akachomoa waya. Kimya. Sikumlaumu wakati huo na simlaumu sasa, kwa maana nilimwambia asante nikageuka upande wa pili. Ile haikuwa sauti ya hatari ya hewa. Hiyo hupiga kelele mfululizo ya kutoboa masikio. Pi moja moja ilikuwa ikisema kwamba umeme wake unaisha. King'ora kilikuwa kinatuambia habari ya kweli kuhusu betri, saa mbili kabla hatujaijua, nasi tukakinyamazisha. Ni mara ngapi nimefanya hivyo kazini, nikaona onyo la njano kwenye logi nikalificha ili nisome yale mekundu!

Saa tisa niliamshwa na upepo baridi usoni. Hita ilikuwa ikivuma vizuri, lakini ilichokuwa ikipuliza ni hewa ya barafu.

Hapa mniruhusu kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda. Ndani ya hita hizi kuna swichi ndogo yenye kibati chepesi kama tanga la mashua. Feni ikizunguka kwa kasi ya kutosha, upepo unakisukuma kibati, swichi inafunga, ndipo gesi inafunguliwa na cheche inapigwa. Ni ulinzi mzuri sana: hakuna upepo, hakuna gesi. Volti za betri zikishuka, feni inazunguka kivivu, tanga halisukumwi, na moto hauwashwi. Mpaka hapo kila kitu kimefanya kazi yake. Lakini themostati bado inaona baridi, kwa hivyo inaendelea kuomba joto, na feni inaendelea kuzunguka ikingoja upepo ambao yenyewe haiwezi kuutoa, huku ikinyonya kile kidogo kilichobaki kwenye betri. Yaani kushindwa kunaleta kushindwa zaidi. Kila mwanaprogramu anayesoma hapa ameshaandika kitu kama hicho, na kama bado, subiri.

Nilikuwa nimebeba bodi ndogo ya ESP32 yenye kihisi cha BME280, kile kinachopima halijoto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Nilikuwa nimekifunga kwenye kona ya kitanda changu, kinakula betri ya kuchajia simu, nami nasoma namba kwa simu. (Ndiyo, mimi ni mtu wa namna hiyo. Dada yangu ameshanizoea.) Nje ilikuwa nyuzi 6 chini ya sufuri. Kitandani kwangu nyuzi 3. Mpwa wangu alikuwa ameingia katikati ya wazazi wake na alikuwa akitetemeka mpaka unasikia meno.

Shemeji akawasha jiko la gesi, macho yote mawili, palepale ndani. "Dakika kumi tu," akasema. "Mtoto apate joto."

Sikusema kitu. Nataka niwe mkweli hapa. Ni mkubwa wangu, ni trela yake, ni mtoto wake, nami ndiye niliyesema tuko sawa kabisa. Isitoshe joto lilipendeza. Nikatoa mikono kwenye mfuko wa kulalia nikaiota moto kutoka mbali.

Kisha nikatazama simu. Halijoto kitandani ilikuwa imepanda nyuzi 2 tu. Unyevu ulikuwa umetoka asilimia 74 hadi 96, na bado unapanda. Nikagusa dirisha la plastiki, mkono ukatoka umelowa. Maji yalikuwa yakiteremka kwenye turubai na kuingia kwenye godoro.

Ukichoma propani, hidrojeni iliyomo inaungana na oksijeni kuwa maji. Kila kilo moja ya propani inatoa kilo 1.6 ya maji, kama mvuke. Joto la jiko lilikuwa likipanda moja kwa moja hadi kwenye paa na kupotelea nje, lakini mvuke ulikuwa ukibaki nasi. Hita ile ya ukutani haifanyi hivyo, kwa sababu moto wake uko ndani ya chumba chake cha chuma na moshi wake unatoka nje kwa bomba. Jiko halina bomba. Nikawaza: kama maji ya moto ule yako hapa usoni pangu, basi kila kingine kilichotoka kwenye moto ule kiko hapa pia. Na king'ora hakina waya.

Nilipokuwa darasa la sita, Julai moja, nyumba ya tatu kutoka kwetu walilala na jiko la makaa ndani. Walikuwa wamefunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa gunia, kwa sababu baridi ilikuwa kali. Mama na watoto wawili. Mdogo tulikuwa tukichunga naye mbuzi. Asubuhi mlango ulivunjwa, na walikuwa wamelala vizuri kabisa, blanketi zimepangwa. Kila mwaka Juni na Julai zikifika, habari kama hizo husomwa tena redioni, majina tu ndiyo hubadilika. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayelala haamki kukohoa.

"Shemeji," nikasema, "nisamehe. Tuzime."

"Haya si makaa," akanijibu. "Ni gesi. Angalia mwali, ni wa buluu."

Na ukweli ni kwamba alikuwa na hoja. Mwali wa buluu safi hutoa kaboni monoksaidi kidogo sana ukilinganisha na makaa. Lakini hubaki buluu wakati una hewa ya kutosha. Tulikuwa watu wanne ndani ya turubai, tumefunga zipu zote, macho mawili ya jiko yakila oksijeni ile ile, na hakuna chombo cha kutuambia ni lini mambo yamebadilika. Nilijaribu kueleza hayo saa tisa na nusu za usiku, kwa ulimi mzito, kwa mtu anayeshika mtoto anayetetemeka. Haikusaidia. Mpwa wangu akasema kichwa kinamuuma. Labda kilikuwa kimo cha mlima, kule juu vichwa huuma bila sababu nyingine, nami mpaka leo sijui. Nikawaambia habari ya wale majirani. Dada yangu aliijua, alikuwa kidato cha kwanza mwaka ule, yeye ndiye aliyenishika nisiende kuangalia. Sikumaliza. Alinyoosha mkono akazima macho yote mawili, akafungua zipu ya dirisha, baridi ikaingia yote.

Tukakaa gizani, hakuna anayesema.

Sasa, jiko la trela hizi huwa linatoka. Unaling'oa, unalining'iniza kwenye reli iliyo upande wa nje, unaunganisha bomba la gesi. Shemeji alivaa koti akatoka, nami nikamfuata na tochi. Tukachemsha maji hapo nje, sote wawili tumeinama kama wanaochoma mahindi barabarani. Kwenye kimo kile maji huchemka kwa nyuzi 92 hivi, si 100, lakini yalitosha. Tukajaza chupa nne za chuma za lita moja moja, tukazivika soksi, tukazirudisha ndani, mbili kwenye mfuko wa mtoto na moja moja kwa waliobaki, mimi na dada. Shemeji alikataa ya kwake. Alisema yeye ametosheka na kusimama karibu na jiko. Nadhani alikuwa bado amekasirika, au aliona haya, kama mimi.

Lita moja ya maji ikipoa kutoka nyuzi 90 hadi 35 inaachia nishati ya karibu wati-saa 64. Chupa nne ni 256. Betri yetu nzima, ile nusu inayoruhusiwa, ni wati-saa 480. Yaani sufuria mbili za maji zilibeba zaidi ya nusu ya betri, zikaipeleka moja kwa moja miguuni badala ya kuipasha anga ya Colorado, na hazikuhitaji feni. Mpwa wangu alilala kabla ya dakika kumi. Nyanya yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo kwa chupa ya soda, nami nikamwona mshamba.

Tulipanga usiku mbili. Asubuhi tukakunja trela tukarudi. Njiani Shemeji akaniambia, "Wewe fundi, hebu nitengenezee." Basi tukawa na kazi ya jioni kwa wiki mbili.

Betri ilikuwa rahisi: tuliweka mbili za volti 6 zile za magari ya gofu, zikiunganishwa mfululizo kupata volti 12 na ampea-saa kama 220. Balbu zote zikawa za LED. Lakini betri kubwa ingekuwa kuficha tatizo kama trela ingeendelea kuvuja joto. Vitanda vile vinavyoning'inia hupata baridi kutoka chini, upande ambao blanketi haliko. Ukijifunika mablanketi matano bado mgongo unaganda. Tukatandika mikeka ya sponji chini ya godoro, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko kitu kingine chochote tulichofanya. Juu ya vitanda, nje ya turubai, tukafunga zile shuka za plastiki zinazong'aa kama fedha, ambazo asili yake ni kazi ya NASA ya mwaka 1964. Madirishani tukaweka vipande vya plastiki ya viputo yenye karatasi ya kung'aa.

Kisha nikatazama grafu za kihisi changu, nikagundua jambo la kuchekesha. Themostati ilikuwa imefungwa kwenye kabati, ikitazamana na tundu la hita. Ilikuwa ikipimiwa joto la hita, si letu. Hita ikiwaka inaridhika haraka, inazima, kisha turubai linapoa, inawasha tena. Usiku ule wa kwanza baridi ilikuwa kali hata hilo halikuonekana, ila jioni yake grafu ilikuwa meno ya msumeno. Nikavuta nyaya zake mbili hadi karibu na kitanda. Kazi ya nusu saa.

Na kinyume na akili ya mtu anayesikia baridi, tuliacha tundu la paa wazi kidogo usiku kucha. Watu wanne wanapumua maji mengi mpaka asubuhi. Yasipotoka yataganda kwenye turubai na kukunyeshea jua likitoka.

Mwishoni mwa Oktoba tukarudi, kambi ile ile. Nje ilishuka hadi nyuzi 8 chini ya sufuri, kitandani ilikaa kati ya 12 na 14, na asubuhi betri ilikuwa bado na zaidi ya nusu. Maji ya chupa tulichemsha hata hivyo, nje, kwa sababu mpwa wangu alidai yake.

(Kwa mnaopanda Mlima Kenya na kamtungi kadogo: gesi yetu ya kupikia huwa ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka nyuzi 42 chini ya sufuri, butani karibu na sufuri kabisa. Ndiyo maana alfajiri moto unakuwa mdogo wakati mtungi bado ni mzito. Usiuingize hemani kuupasha.)

King'ora cha zamani tulikitupa. Kipya kilikuwa na betri yake yenyewe iliyofungiwa ndani, hakina waya wa kuchomoa. Shemeji alikinunua mwenyewe, akakifunga mwenyewe, na hakuna aliyesema neno.

Trela aliiuza mwaka 2021. King'ora hakukiuza, alikihamishia kwenye ukuta wa chumba cha mpwa wangu, karibu na mlango. Nilipoanza kuandika haya nilimpigia simu kumkumbusha kwamba vifaa hivyo huzeeka na nyuma huandikwa mwaka wa kuvibadilisha. Akaniambia ningoje kwenye laini. Nikamsikia akipanda ngazi, akigonga mlango, akimwomba kijana asogee. Kisha akarudi. "Mwaka umeshapita," akasema. Jioni akanitumia picha ya kipya, bado kiko ndani ya pakiti.